Senti Kumi Isiyo na Tundu

Mniwie radhi kwa mwandiko huu. Nilisoma hadi darasa la nane tu, na kila neno lenye dh au th hunisimamisha nikalitazama kwanza. Makosa mtayakuta. Lakini kosa ninalotaka kuwaeleza si langu. Lilifanywa na kiwanda kilichopiga senti za wakati wa mkoloni, na lilikuwa zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kushika.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nikikaa Bombolulu kwa dada yangu na mumewe. Kazi yangu ilikuwa kutunga mikufu ya watalii. Bosi alinunua kwa vikongwe wa Junda senti kumi za zamani, zile za shaba zenye pembe mbili za ndovu na tundu pana katikati, nami nikizipitisha uzi. Ushanga, senti, ushanga, senti. Ni kazi ya mtu asiyependa kuzungumza.

Wakati huo mtaa wa jirani, Mjambere, uliingiwa na wazimu wa sarafu. Fundi saa mmoja aliwaambia watu kwamba shilingi iliyotoka kiwandani na kosa ina thamani kuliko shilingi mia zilizo sawa. Tangu siku hiyo ukimrudishia mtu chenji anaigeuza mara tatu kabla ya kuondoka. Wengine hawakuwa na subira ya kutafuta makosa, wakayatengeneza. Walipanga shilingi juu ya reli kule Changamwe, treni ikapita, wakaja na vipande bapa kama kaukau za viazi, wakiapa wallahi vilitoka hivyo benki.

Fundi alivaa lenzi yake kwenye paji la uso hata akila. Kosa la sarafu aliliita ila, na alikuwa na msemo wake: ila ya kiwandani ni mali, ila ya mtaani ni takataka. Msemo ulikuwa wa kweli. Shida ni kwamba mwenyewe hakuweza kuzitofautisha. Vile vipande vya reli alivikataa vyote isipokuwa viwili, na mwenye hivyo viwili alikuwa amekuja na saa ya kutengeneza.

Mimi nami nilikuwa nikikusanya, ila kimya kimya. Katika mkebe wa dawa ya viatu nilikuwa na shilingi ambayo picha yake ilikwenda upande ikaacha kipara pembeni, na senti hamsini yenye herufi mbilimbili. Zote mbili nilirudishiwa dukani kama chenji. Sikufundishwa na mtu. Nilizitazama tu, kwa muda mrefu.

Siku moja uzi ukakataa. Nikasukuma tena, ukapinda. Nikaitazama senti iliyokuwa mkononi: pembe za ndovu zipo, maandishi yapo, na katikati, palipotakiwa kuwa na tundu, palikuwa na uwanja wa shaba mviringo, mtupu, haujaguswa. Mashine ya kutoboa iliiruka. Nilimlipa bosi bei ya senti moja, akaona nimerukwa na akili.

Nikaipeleka Mjambere. Sikutaka kuiuza. Nilitaka mtu mmoja mwenye lenzi aseme mbele ya watu kwamba kitu hiki ni cha kweli na kwamba ni mimi niliyekiona.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Lete." Akaiweka kwenye jicho. "Mbona haina tundu?"

"Ndiyo, fundi."

"Senti kumi bila tundu si senti kumi. Hiki ni kifungo."

Mama mmoja aliyekuwa akingoja saa yake akasema, "Kifungo nacho kina tundu, fundi."

Watu wakacheka. Fundi hakupenda. "Basi si hata kifungo. Kijana, ila ni kitu kilichopinda. Hii imepungukiwa."

Nilitaka kumwambia haikupungukiwa na kitu, imezidi, kwa kuwa shaba iliyotakiwa kutolewa katikati bado imo. Sentensi hiyo niliitunga yote kichwani, nikaimeza.

Nyumbani dada akauliza fundi kasemaje. "Kasema haina tundu," nikajibu, nikaiacha senti mezani, nikaenda kulala. Maneno matatu. Ningeongeza mengine matatu nisingekuwa naandika haya.

Shemeji yangu alifanya kazi gereji moja Changamwe. Kesho yake jioni akaniambia, "Shemeji, nyosha mkono." Akaidondosha senti yangu kiganjani. "Si walisema haina? Sasa inalo. Nimeipiga keekee mwenyewe."

"Mshukuru basi," dada akasema.

Nikashukuru.

Tundu lilikuwa dogo kama la msumari, tena limekwenda kombo, na ukingo wake ulikuwa na vinyweleo vya shaba vinavyokwaruza kidole. Jumapili shemeji akanivuta mpaka Mjambere kuonyesha kazi yake. Fundi akashusha lenzi, akasema polepole, "Subhanallah. Oneni tundu lilivyokwenda upande. Hii ndiyo ila ya kiwandani."

Hapo nilizungumza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Limetobolewa juzi."

"Na nani?"

"Na shemeji."

"Shemeji yako ndiye aliyekuwa akimpigia Mfalme pesa?" Watu wakacheka mpaka yule mama wa kifungo, ambaye alikuwa amerudi kwa sababu saa yake bado haikwenda. Fundi akamgeukia shemeji. "Nawapa mia mbili."

Nikamtazama shemeji. Alikuwa na vumbi la shaba ile ile kwenye kucha zake.

"Kijana ana haya, fundi," akasema. "Usimsikilize."

Nikaichukua senti kutoka mezani, nikatoka. Shemeji alininunia wiki nzima kwa ajili ya mia mbili, kisha akaanza kueleza kwamba tundu lilikuwepo tangu zamani, ila lilikuwa limeziba, yeye alilizibua tu. Dada anamwamini. Bosi anasema hakumbuki. Fundi anasema senti kumi isiyo na tundu haijawahi kupigwa duniani, naye ana lenzi.

Ninayo hapa ninapoandika. Siwezi kuthibitisha lolote kwayo, kwa maana kitu pekee kilichokuwa ushahidi ni kile shemeji alichokitoa na kukipuliza sakafuni mwa gereji.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Ukiwa na senti kumi kama hiyo, nzima, usimwonyeshe fundi, wala usimwonyeshe shemeji yako. Niandikie. Bei siitaki, na senti yenyewe usinitumie. Niandikie tu kwamba uliishika na uzi haukupita. Nitakujibu, ingawa nitachelewa.