Wimbo wa Kinu Uliobaki Mkiani mwa Kanda

Siku yangu ya kwanza redioni sikugusa kipaza sauti. Mkuu wa Maktaba ya Kanda, mzee mwembamba asiyevua kofia yake ya kiua, alinikabidhi rundo la kanda na kuniambia nizifute. Kanda mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo kilichokwisha kusikika kilifutwa ili kingine kipate pa kukaa.

"Futa kanda nzima kwanza, ndiyo urikodi," aliniambia. "Ukirikodi juu kwa juu, maneno mapya yakimalizika, ya zamani yatakutokezea mkiani."

Kanda ilikuwa utepe wa kahawia uliozungushwa kwenye gurudumu. Tuliukata kwa wembe na kuunga ncha zake kwa kipande cha utepe wenye gundi. Ukikosea, pumzi ya mtu imeanguka sakafuni, uiokote. Nyinyi vijana mnabonyeza kitufe, kosa likarudi lilikotoka. Nawaonea wivu kwa hilo tu.

Baadaye nilipelekwa kurikodi nje ya mji: Jambiani kwa kina mama wa mwani, Paje, Kiwengwa. Fundi Mkuu hakuwa na simile. "Mimi sikukutuma ukanirikodie upepo," alinifokea nilipomletea kanda ya Paje, nikarudishwa huko kesho yake. Mwishowe nikarejeshwa mjini kushika maktaba ile ile, nami nikaendelea kufuta sauti za watu kwa amri za wakubwa. Niliona ni kazi kama kazi nyingine. Sasa naona aibu.

Miaka michache baada ya kustaafu niliitwa tena. Kanda zilizosalia zilikuwa zikihamishiwa kwenye kompyuta, na vijana hawakuzijua sauti wala mashine kongwe ya kuzichezea. Msimamizi alikuwa binti mwenye adabu na haraka nyingi. Siku moja nilikuwa nikisikiliza hotuba ya kufungua kisima. Hotuba ikaisha, makofi yakaisha, halafu ikaingia fidla na sauti ya mwanamke. Niliangalia kasha: hati ya mkono wangu. Siku ile nilifanya uvivu, nikarikodi juu kwa juu. Beti za mwanzo zilikwisha kumezwa na hotuba, umebaki ubeti huu mmoja:

*Mji huu wanichosha, wa kelele na fitina,*
*Kinu kinanikondesha, usingizi sina tena,*
*Nani atawahamisha, wa usiku na mchana,*
*Kimya kingeniponesha, nyumba yangu iwe pana.*

Ilikuwa sauti ya Bi Zuhura wa Mkunazini, mwimbaji wa taarabu wa zamani, na hakuna wimbo wake mwingine uliosalimika. Msimamizi alifurahi mpaka akapiga makofi. Alitaka wimbo upigwe hewani wiki ile ile, ila kwanza nikaombe ruhusa ya mwenyewe.

Nilikwenda na kinasa sauti kidogo chenye nakala ya ubeti ule, nimsikilizishe. Nyumba ya kulia kwa Bi Zuhura ni hoteli, ya kushoto ni hoteli, na ghorofa ya juu imefungwa kwa kufuli.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Pita, kwangu hakuna foleni."

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Ubeti ulipokwisha hakutabasamu.

"Nliomba kimya," alisema. "Nshapewa. Siku hizi nnakohoa makusudi nisikie mtu."

Nikamweleza habari ya ruhusa. Akatikisa kichwa.

"Kile kinu cha Mwanaidi, alokuwa akikaa hapo juu. Siku lori lilipokuja kumhamisha kwenda Fuoni, nlifunga dirisha nisimuage. Leo ndiye peke yake anonipigia simu, kila Ijumaa hakosi. Na redio anasikiliza. Akiusikia huo, atajua nlikuwa nkiomba aondoke. Ufute."

"Bi, hii ndiyo sauti yako iliyobaki. Hakuna nyengine."

"Na mimi Mwanaidi mwengine ninaye?"

Nilirudi studio na kukaa mbele ya mashine asubuhi nzima. Wimbo ulikuwa haujahamishiwa kwenye kompyuta, na kwenye kinasa changu nilikuwa na nakala moja. Niliwaza kumdanganya ajuza yule, nikashindwa. Nilikwisha kufuta sauti za wenzake wengi kwa amri ya watu ambao sauti hazikuwa zao. Huyu aliamuru juu ya sauti yake mwenyewe. Nikafuta kanda nzima, mwanzo hadi mkiani, kisha nikafuta nakala. Msimamizi alipojua, macho yalimjaa machozi. "Mzee, kapumzike," alisema, na sikuitwa tena.

Bi Zuhura alifariki mwaka huo huo. Baada ya hitima nilikwenda Fuoni kumpa pole Bi Mwanaidi, nikamkuta kibarazani na redio yake ndogo pembeni. Tulimtaja marehemu kwa mema. Halafu akaniuliza kama mimi ndiye yule mtu wa kanda wa redioni. Nikasema naam.

"Alikuwa na wimbo wa kunisimanga mimi na kinu changu," alisema huku akicheka na kujifuta macho. "Alidhani siujui, naye akiufanyia mazoezi chini ya miguu yangu! Akianza kuimba, nami nnazidi kutwanga, nnamfuatisha. Tangu nihamie huku hakuna wa kunigombeza. Miaka yote nangoja redio iupige, nimsikie anavyonisema. Haupo huko kwenu?"

Kustaafu kumenipa nafasi ya kuzikumbuka kanda nilizofuta, na hii ndiyo inayoniuma, kwa sababu niliifuta kwa nia njema na kwa ufundi wote niliofundishwa. Nilimwambia Bi Mwanaidi kwamba wimbo haukuonekana.

Akanishika mkono. "Basi rudi ukatafute vizuri, mwanangu," alisema. "Mimi nipo, nangoja."