Sahihi ya Mwenzako wa Kazini

Idara ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu ilikuwa na maprofesa wawili, madaktari kumi na mmoja, wauguzi wasiotosha, na mwanamke mmoja aliyejua ufunguo wa kila kabati ulipo. Kazi yake rasmi ilikuwa katibu muhtasi. Kazi aliyoipenda, ambayo haikuwamo kwenye barua yake ya ajira, ilikuwa kutoa Habari za Idara, jarida la kurasa nne lililobandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi na kutumwa kwenye barua pepe ambazo watu hawakuzifungua. Humo aliandika nani amechapisha utafiti, nani amekwenda kwenye mkutano na kurudi na begi jipya, nani amejifungua, nani amestaafu. Kwa ajili hiyo wenzake walimwita Bi Tangazo, naye aliitika. Ukishafika miaka arobaini na minne unachoka kugombana na jina.

Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Wenzake walipocheka yeye alitazama dirishani, kisha akajicheka kimoyomoyo kwa kutazama dirishani, kwa sababu dirisha lenyewe lilikabili ukuta wa chumba cha kufulia na hapakuwa na cha kutazama. Aliwahi kujiuliza kama huo ni ugonjwa. Alifanya kazi mita sita kutoka kwa wataalamu wa swali hilo na hakuwahi kumuuliza hata mmoja, kwa kuhofia wangemjibu.

Mwaka ule Profesa, mkuu wa idara, alirudi kutoka semina na wazo. Alisema watumishi wanavunjika moyo kwa kukosa kutambuliwa, na kwamba kila mwezi idara itamtaja Mfanyakazi wa Mwezi atakayependekezwa na wenzake. Bi Tangazo alichukua boksi tupu la glovu, akalifunika kwa karatasi ya rangi, akalitoboa juu, akaliweka karibu na dirisha la dawa. Mwisho wa Januari alilifungua. Alikuta maganda matatu ya pipi, cheti cha dawa cha mtu aliyekosea mahali pa kukiweka, na malalamiko kuhusu choo cha ghorofa ya pili.

Profesa alitaka jina kabla ya Ijumaa. Bi Tangazo alikaa mbele ya kompyuta akamfikiria mfamasia, ambaye wagonjwa walimtukana kila siku naye akawajibu kwa sauti ileile aliyotumia kusema vidonge viwili asubuhi. Aliandika sentensi nne. Chini akaweka: Mwenzako wa kazini. Haukuwa uongo, alijiambia. Alikuwa mwenzake, tena wa kazini.

Februari boksi lilikuwa na maganda tu, akamwandikia dereva. Machi akamwandikia Matroni, muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, ambaye kwa miaka ishirini alikula mkate wake wa saa nne akiwa amesimama mlangoni ili macho yasitoke wodini. Kufikia Mei alikuwa amezoea kama wengine wanavyozoea sigara. Alipita koridoni akiwachungulia watu na kuwatungia sifa, na mwezi ukiwa mzuri aliandika mbili akachagua moja.

Kisha ukaja Juni. Mchana mmoja alikuwa akiandika majina chini ya picha ya pamoja ya idara, kutoka kushoto kwenda kulia, akagundua kwamba katika picha tisa za miaka tisa yeye hayumo hata moja. Ndiye aliyekuwa akizipiga. Hakulia, alikwenda kuchemsha maji, akarudi, akajiandikia. "Anafika kabla ya mlinzi wa mchana. Anamjua kila mgonjwa wa kliniki ya Jumanne kwa jina, na jina la mama yake. Hakuna faili lililopotea mikononi mwake." Alipoisoma akaona imezidi utamu, itashtukiwa. Basi akaongeza kasoro moja ili ifanane na ukweli: "Ingawa huwa mkali kidogo kuhusu stepla yake." Akaisaini Mwenzako wa kazini, akaichapisha. Watu watatu walimpongeza, mmoja akamrudishia stepla.

Mambo yangeishia hapo kama Profesa hangekuwa mtu wa kupenda hitimisho. Mwezi wa Novemba, Jumanne, alimwita ofisini akamwambia kwamba Ijumaa itafanyika hafla ndogo. Waliotajwa tangu Januari hadi Oktoba watapewa vyeti. Yeye Profesa atasoma kila pendekezo, aliyeliandika atasimama, atamkabidhi mwenzake cheti, atampa mkono na kusema maneno mawili.

Bi Tangazo alisema kwa upole kwamba walioandika huenda walipenda kubaki wa siri.

"Bi Tangazo," Profesa akasema, "sisi kazi yetu ni kuwasaidia watu waseme yaliyo moyoni. Tutawaambia nini wagonjwa, kama wenyewe tunajificha?"

Alitoka amebeba orodha ya mapendekezo kumi, yote ya mwandishi mmoja, moja likiwa la kumsifu mwandishi mwenyewe.

Nyumbani alimweleza dada yake mkubwa, fundi cherehani mjane aliyehamia kwake baada ya kufiwa na mumewe. Dada alisikiliza pini zikiwa mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini, kisha akasema, "Kwa hiyo ulijiposa, ukajikubali, na sasa unaogopa harusi."

"Dada, watanicheka mpaka nistaafu."

"Kwani sasa hivi wanafanya nini?"

Hakukuwa na msaada upande huo. Usiku kucha alipanga njia za kukwepa. Angesema anaumwa, lakini kuumwa katika idara ile kulikuwa na balaa lake. Wangekuja wanne wamuulize hali hii ilianza lini. Angeondoa pendekezo la Juni kwenye orodha, lakini Profesa alihifadhi kila toleo la jarida, huenda ndiye pekee aliyelisoma. Angemwomba mtu asimame badala yake. Hili alilifikiria kwa muda mrefu zaidi, akapitia sura za wote mmoja mmoja, na kilichomuumiza si kwamba wangekataa. Hakumpata hata mmoja ambaye angeweza kumwomba.

Ijumaa walikusanyika chumba cha mihadhara, chenye viti vilivyopachikwa vibao vya kuandikia na ubongo wa plastiki uliopotelewa na kipande cha nyuma. Bi Tangazo alikaa karibu na mlango. Profesa alivaa miwani akasoma pendekezo la Januari, la mfamasia, akanyanyua macho akauliza nani aliandika.

Hakusimama mtu. Bi Tangazo alitazama viatu vyake. Alijua kinachofuata: kimya hadi Oktoba, kisha maswali, kisha boksi.

Mhasibu akasimama.

Alisimama taratibu, kama mtu aliyesukumwa, akasema ni yeye, akamkabidhi mfamasia cheti, akamwambia tuko pamoja, akaketi akijipangusa shingo. Bi Tangazo alidhani amesikia vibaya. Likasomwa la dereva, na muuguzi mmoja kijana akanyanyuka akadai ni lake. Hapo ndipo alipoelewa. Watu hawa waliweza kukaa na mgonjwa asiyesema neno kwa saa nzima wala wasitetereke, lakini kumwona mwenzao amekaa mbele za watu akingoja aliyempenda ajitokeze, hilo lilikuwa limewashinda.

Likafika la Matroni. Alisimama Daktari wa Tai, mhadhiri aliyevaa tai hata siku za joto, ambaye hakuwa amesalimiana na Matroni kwa miaka miwili tangu walipogombana kuhusu kumruhusu mgonjwa mmoja aende nyumbani. Mwezi uliofuata alikuwa na usaili wa kupandishwa cheo. Alisema maneno yale aliyaandika kutoka moyoni. Bi Tangazo aliyaandika akimenya chungwa huku akisubiri printa ipoe, na akashangaa kujikuta ana wivu. Matroni alimtazama daktari kwa kitambo, akapokea cheti, akampa mkono.

La Aprili lilipata wa kulidai. La Mei pia. Kisha Profesa akasoma la Juni, mpaka kwenye stepla, na watu wakacheka kidogo.

"Aliyeandika?"

Bi Tangazo alisubiri. Ni kweli, kwa muda mfupi alitumaini. Alikuwa ameona waongo watano wakisimama, hakuona kwa nini asipatikane wa sita. Akahesabu mpaka tisa. Mhasibu alimtazama muuguzi kijana, muuguzi akamtazama Daktari wa Tai, na daktari akarekebisha tai. Pengine kila mmoja alidhani mwingine atasimama. Pengine walizoea kwamba pengo likitokea kwenye ratiba, Bi Tangazo ndiye huliziba.

Akafika kumi. Akasimama.

"Niliandika mimi," akasema.

Profesa alivua miwani. Alitumia sauti aliyoitumia wodini. "Ulijiandikia mwenyewe?"

"Ndiyo, Profesa."

"Kwa sababu gani?"

Alikuwa na majibu mengi, mengine ya machozi. Lililotoka lilikuwa la kikazi. "Ulitaka jina kabla ya Ijumaa. Na mimi nilikuwa nimemwona huyu mwanamke kwa karibu kuliko mtu yeyote."

Walicheka. Alitegemea kicheko kimchome, na kilimchoma, ila kwa juujuu tu. Ilikuwa nafasi ya kusema yote. Alimwona mhasibu ameshika kingo za kiti, uso umemlowa jasho. Alimwona mfamasia amekilaza cheti magotini na anakisoma kwa mara nyingine. Akafunga mdomo.

Profesa, aliyeheshimu utaratibu, alimpa cheti akabidhi. Bi Tangazo akakishika kwa mkono wa kulia, akabaki amesimama. Akakihamishia wa kushoto. Hatua iliyofuata ilikuwa kupeana mkono, na alipousogeza ule wa kulia akaona hapana, hata yeye ana kikomo.

Kiti kililia. Matroni alikuwa amenyanyuka na mwili wake wote, akapita katikati ya vibao, akamshika mkono asiuachie. Watu wakapiga makofi, na ndani ya makofi yale Matroni akamwinamia sikioni.

"Na yangu uliiandika wewe," akasema.

"Matroni, mimi..."

"Nani mwingine amewahi kuniona nikila mkate? Daktari yule hawezi kuandika mstari bila kutaja miligramu. Nilijua siku ileile ulipoibandika."

Bi Tangazo akamuuliza mbona hakusema.

"Niseme nini? Ilikuwa kweli." Matroni akatazama nyuma, ambako Daktari wa Tai aliwanyanyulia kichwa kwa adabu mpya kabisa. Akamwitikia kwa kichwa, kisha akarudi sikioni. "Ila huyo usimwambie. Leo ndiyo kwanza ameniamkia."

Kisha akamwachia mkono, na Profesa akaanza kusoma la Julai.