Mshale Usioshuka

Saa nne ilikuwa imepita, na mke wa mchora mabango bado alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mbele, mkoba mapajani, roho juu. Dada yake mkubwa, aliyefanyiwa upasuaji wiki iliyopita, angeruhusiwa kutoka hospitali saa sita, na wa kumchukua alikuwa yeye. Angemchukua na nini? Gari la mumewe lilikuwa na umri kuzidi ndoa yao, na tangu alifufue, mshale wa petroli ulikuwa umeganda kwenye alama ya tangi kujaa. Mara tatu lilikuwa limewazimikia njiani, tangi kavu, mshale ukidanganya bila haya. Mgonjwa mwenye mshono mbichi hawezi kufanyiwa mchezo huo.

"Tatizo ni geji ya mafuta," mume alisema. Geji, masikini ya Mungu, ilishabadilishwa mara mbili.

Fundi umeme waliyemwita asubuhi hiyo alikuwa ameingiza kichwa ndani ya buti la gari. Aligusisha waya wa tangi kwenye chuma cha bodi, mshale ukaanguka hadi sifuri. Geji nzima, waya mzima. Akachomoa boya, lile linaloelea kwenye petroli, akaligusisha na chuma kilekile huku akilipandisha na kulishusha kwa kidole. Mshale ukatii. Alipolirudisha tangini, ukagoma.

"Mzee, hili tangi umelipaka rangi?"

"Mara nne! Na vanishi juu. Hata skrubu sikuziacha."

"Basi ndiyo hiyo. Umeme wa boya unarudi kupitia chuma cha tangi, na haupiti kwenye rangi. Lazima tukwangue."

"Tukwangue? Kazi ya wiki mbili? Tafuta njia nyingine, fundi."

Wakabishana, wakabishana, na saa haikuwasubiri. Mwanamke alichoka kabisa. Aliingia jikoni, akatoka na kisu cha kumenyea viazi, akamsukuma fundi kwa kiwiko, akakwangua kila alipoonyeshwa hadi chuma kikang'aa.

"Mama watoto, rangi yangu jamani!" Machozi yalimlenga mumewe, kweli kabisa.

Fundi akafunga boya. Mshale ukashuka, ukashuka, ukasimama karibu na sifuri. Wasingefika hata nusu ya njia.

"Mara tatu nimelisukuma gari hili na viatu vya kazini," mkewe alisema, kisu bado mkononi. "Sikuona hata chozi moja. Leo unalilia rangi?"

Mchora mabango alijifuta macho. Kisha akachukua dumu, akatoka mbio kwa miguu kwenda kituo cha mafuta.