Dawa ya Mahindi Kwenye Mwani

"Wifi, wameyeyuka."

Ndivyo alivyoniambia mke wa kaka yangu kwenye simu, asubuhi, nikiwa mashineni Ubaruku na vumbi la pumba mpaka kwenye kope. "Matenki yote, wifi. Ukiwagusa ni kamasi tupu. Mmetuwekea nini kwenye chakula?"

Yeye yuko pwani. Yeye na wanawake wenzake wanalea vifaranga vya majongoo bahari, wakikua wanakaushwa na kuuzwa. Chakula chao ni unga wa mwani. Unga huo nilikuwa nausaga mimi.

Watu hucheka. Mwani Mbarali? Ndiyo, Mbarali, huku bara kwenye mpunga. Malori yanapeleka mchele pwani, yanarudi matupu. Kaka yangu akasema basi yarudi na mwani mkavu, tuusage huku, tuuchanganye na pumba laini, uteremke na mchele. Mwenye mashine akakubali.

Shule sikufika mbali, ila unga naujua kwa vidole. Kifaranga cha jongoo ni kidogo kama chenga ya mchele. Unga ukiwa na chembe kubwa hakili, unaozea chini na maji yanachafuka. Kwa hiyo nilisaga, nikachekecha kwa kanga, nikasaga tena. Wifi alikuwa akipiga: "Watoto wanalilia unga wako!" Namjibu: "Waambie walie kwa adabu, mashine ina foleni."

Halafu nikaenda Mafinga kwenye msiba wa mama mdogo. Magunia ya unga niliokwisha kuusaga na kuuchanganya na pumba niliyaacha ghalani yakisubiri lori. Niliporudi yalikuwa yameshaondoka, limebaki moja.

Siku ile ya simu nikalifungua hilo moja. Harufu ikanipiga. Nani huku kwetu haijui? Ni ile dawa ya unga tunayochanganya na mahindi tukishapukuchua.

Nikamwita msimamizi wa ghala. Hata hakushtuka.

"Mama, si fukusi walishaingia kwenye zile pumba? Nikaweka dawa. Mbona mahindi tunaweka, na ugali tunakula?"

"Na jongoo ni nini?"

Nikamjibia mwenyewe.

"Ni mdudu wa baharini, baba. Dawa ya kuua wadudu umempa mdudu ale."

Mwenye mashine alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Alisikia kila neno. Kesho yake akampigia kaka yangu, akamwambia yule dada yako wa kusaga ndiye aliyeharibu. Mimi nikaambiwa nisirudi. Wifi hapokei tena simu yangu.

Sijahama Ubaruku. Nasaga kwenye mashine ya jirani, na unga wangu bado ni ule ule. Lile gunia niliondoka nalo, ninalo, nimelifunga tena na dawa yake ndani.

Kwa hiyo nawasema bila kuzunguka: msimamizi wa ghala uliyeweka dawa, na wewe mwenye mashine uliyejua ukanisingizia. Njooni wote wawili. Mpigieni wifi yangu mbele yangu, simu mkiiweka spika, mumwambie nani aliua watoto wake. Mtakuja lini?