Kaniki Mlangoni

Mimi ni kungwi, na sioni haya kulisema. Huku kwetu Kisarawe, mwali akiwekwa ndani, nafunga kipande cha kaniki, kile kitambaa cheusi, juu ya mlango. Mwanamume akikiona anazungukia mbali. Hiyo ndiyo kazi yake, hakina nyingine.

Basi vijana wetu wakakichukua. Wakajifunga kaniki mikononi, wakajiita wenye nchi, wakaanza kuwapiga waliohamia kutoka bara. Muuza maziwa walimvunja mbavu sokoni, watu wakitazama. Sisi tukasema ni utoto, utapita. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi niliijua methali hiyo, nawafundisha wasichana, na bado nilikaa kimya.

Likizo ilipofika, jirani yangu, mama wa kutoka bara, aliniomba binti yake achezwe unyago pamoja na wa kwetu, maana wamekua pamoja. Nilifurahi mno. Nilimfungia kaniki mlangoni kwao kwa mikono yangu.

Siku ya tatu mchana nikasikia mbao zinapasuka. Nilitoka mbio na mchi wa kinu. Mlango wao ulikuwa chini. Mume wa jirani alilala kifudifudi, mkono wa kulia umekatwa, kiganja kinaning'inia kwa ngozi. Ndani binti alikuwa analia.

Aliyeshika panga alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wangu, niliyemlea mwenyewe. Aliponiona akalishusha.

"Shikamoo, mama mkubwa. Hawa wa kuja wanachezea mila zetu. Wamejifungia kaniki yetu."

"Nimeifunga mimi."

Akacheka, akidhani namtetea jirani tu. Nikampiga mchi wa bega, nikasikia mfupa ukivunjika. Alipoanguka nikampiga tena. Nilisikia raha, na raha ile inanitisha mpaka leo.

Wenzake walikimbia, yeye polisi wakamchukua. Kijiji kikaitisha mkutano, wazee wakaamua tuache kufunga kaniki milangoni ili amani irudi. Nilisimama nikawaambia, "Waliiba, na nyinyi mnawakabidhi na kilichobaki." Waliendelea na ajenda nyingine.

Jirani alihamia Misugusugu. Nilikaa miezi kadhaa nikiogopa kwenda, mwishowe nikaenda na mihogo na nazi. Binti alikaa karibu na mama yake, akaniuliza bila hasira kwa nini niliuchagua mlango wao. Kumbe alikuwa akiamini niliwawekea alama. Nikamweleza kwamba nilifunga kwa kumpenda, kama ninavyowafungia wanangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akaingia ndani.

Chai ikaletwa. Baba yake akanisogezea kikombe, akaniomba radhi kwa kunipa kwa mkono wa kushoto.