Tulimpeleka Kendi boarding anyooke, kumbe alikuwa anaogopa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Nimechoka, kwa hivyo sitaremba. Haya yametokea kwangu na mke wangu, hapa Meru, na ni ukweli mtupu.

Binti yetu Kendi ana miaka tisa. Tangu nursery ni wa kusahau. Unamtuma chumvi, anarudi mikono mitupu. Kalamu hazimalizi wiki.

Halafu asubuhi za shule tumbo linamuuma, anatapika chai yote. Dawa za minyoo amekunywa hadi nikaona aibu kurudi kwa chemist. Maombi pia tulifanya, na bado tunafanya.

Mimi nauza ndizi soko la Gakoromone. Natoka mapema, nikirudi sina subira. Nilimfokea sana huyo mtoto.

Sasa mnajua sisi watu wa huku. Mtoto akisumbua, dawa ni boarding. Dada yangu ni mwalimu, akatuambia huko kila kitu kina kengele yake, atanyooka tu. Tukapata shule moja upande wa Runyenjes. Godoro, sanduku, kwaheri.

Visiting day ya kwanza tukabeba chapati na kuku. Kendi akaja amevuta mikono ya sweta hadi vidoleni, na jua lilikuwa kali. Mama yake alipomkunjia sweta anawe, tukaona wino. Maneno ya biro, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Sahani. Soksi. Daftari la hesabu. Usilie.

Class teacher akasema amemwadhibu mara kadhaa kwa huo uchafu lakini haachi.

Nikamuuliza Kendi kwa nini anajiandika. Hata kuku hakuwa amegusa.

"Nyumbani nilisahau mkanileta huku. Nikisahau huku, mtanipeleka wapi?"

Wakuu, niliinuka. Nilienda nyuma ya magari ya wazazi wengine nikalia.

Tulirudi naye siku hiyo hiyo. Baadaye tukampeleka hospitali Embu, na daktari akatueleza kwamba mambo ni mawili na yanatembea pamoja. Akili yake haitulii mahali pamoja, na juu ya hiyo ana wasiwasi mwingi. Akisahau anaogopa, akiogopa anasahau zaidi. Na sisi tulikuwa tunaongeza hofu tukidhani ni nidhamu.

Sasa ni day scholar hapa Kinoru. Msidhani amepona. Clinic ni kila mwezi, homework ya nusu saa inakula jioni nzima, na kuna siku bado nafoka, halafu namwomba msamaha.

Nilichojifunza ni kidogo: kabla hujamnyoosha mtoto, muulize anaogopa nini. Mimi nilichelewa kuuliza.

Kila siku ananiuliza kama term ijayo atakuwa bado nyumbani. Namwambia ndiyo. Kesho yake anauliza tena.

Mwenye mtoto kama huyu aniambie hapo chini: inachukua muda gani mpaka akuamini?