Usaili Mbele ya Pazia

Ukitaka kujua subira yako inaishia wapi, jiandae kwa usaili wa kazi ukiwa nyumbani kwa mama yako, mjini Kasongo. Mimi nilikuwa najiona mtu mpole. Nimeandika programu za kompyuta miaka mingi, na kazi hiyo humfundisha mtu kukaa kimya na kosa mpaka alipate. Lakini kompyuta haina mjomba.

Nilirudi kwa Mama baada ya ofisi yetu ya Bukavu kufungwa kwa sababu ya vita. Nikatuma maombi ya kazi huku na huku, kimya, mpaka kampuni moja ya ng'ambo ikanijibu. Walitaka mhandisi mkuu wa programu, mtu wa kuongoza wenzake, na kazi yenyewe ingefanyika popote penye intaneti. Nilipita hatua za mwanzo. Ikabaki ile ya mwisho, kuzungumza na wakubwa wa kampuni kwenye skrini, kwa Kifaransa. Nikikosa, shemeji yangu alikuwa ananingoja Salamabila nimkalie dukani, niwauzie wachimba dhahabu betri na sabuni. Si kazi mbaya, wako waliojenga nyumba kwa kazi hiyo. Lakini niliiogopa, kwa sababu nilijua nikishakaa nyuma ya ile meza, hakuna atakayekumbuka tena kwamba najua kazi nyingine. Hata mimi ningesahau.

Basi nikaanza mazoezi. Katika usaili wa namna hii unaambiwa uchore: watu wengi wanatuma ujumbe kwa wakati mmoja, utaupokea vipi, utauweka wapi, mashine moja ikizima itakuwaje. Unachora visanduku na mishale huku unaeleza. Sikuwa na ubao, nikachukua kipande cha mkaa nikachora kwenye ukuta wa jikoni. Mama mdogo, anayeishi nasi, akaingia na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akasimama kuutazama.

"Unataka kujenga nyumba?"

"Hapana, Mama mudogo. Ni njia ujumbe unapitia."

"Na chumba ya wageni iko wapi?"

Nikamweleza kwa utaratibu, kisanduku kwa kisanduku. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema choo nimekiweka karibu mno na jikoni. Kesho yake nilikuta ukuta wote umepakwa udongo mweupe, kazi yangu yote imezikwa chini yake. Nilipouliza, nikaambiwa tunapata mgeni, na mgeni hawezi kukuta ukuta mchafu. Mgeni huyo alikuwa anakuja kwa ajili ya usaili wangu.

Alikuwa mjomba wangu, kaka mkubwa wa Mama, aliyekuwa mkuu wa shule ya msingi huko Kabambare mpaka alipostaafu. Alifika kwa pikipiki, tope mpaka masikioni, suti yake kaifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amesikia kwamba nina shauri. Na kwetu mtu mwenye shauri haendi peke yake. Iwe posa, iwe mpaka wa shamba, iwe mtoto kafukuzwa shule, ukoo unakaa, unamchagua msemaji, na mwenye shauri anakaa kando, macho chini, anasemewa. Anayejisemea anaonekana hana watu. Anayejisifu, huyo hata hasemwi.

"Nani atakusemea?" Mjomba aliniuliza kabla hata hajapewa maji ya kuoga.

"Hakuna, Mjomba. Wanataka nijisemee mwenyewe."

Akamgeukia Mama kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Nikawaeleza kwamba ni sheria yao. Nikawaonyesha hata barua pepe waliyonitumia: chumbani pasiwe na mtu mwingine yeyote, kwa sababu kuna watu huwekwa nyuma ya kompyuta wawanong'onezee wasailiwa majibu. Mjomba aliisoma barua ile mara mbili, akanirudishia simu, akasema sawa, kama ni sheria tutaifuata. Nilipaswa kuogopa pale pale.

Kwa kuwa hakuweza kunisemea, aliamua kunifundisha. Kila asubuhi baada ya chai aliketi kwenye kiti cha mikono, akakunja nne, akawa kampuni. Mimi nilisimama mbele yake nikajibu maswali ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimempa.

"Katika kazi yetu ya vituo vya afya," nilianza siku moja, "nilitengeneza programu ya kuagiza dawa kwa simu..."

"Weye peke yako? Wengine walikuwa wamelala?"

"Walikuwepo, Mjomba. Lakini wanauliza mimi nilifanya nini."

"Mutu hajisifu mbele ya wakubwa. Anza tena. Na inamisha macho! Uko unaniangalia sawa vile nimekuibia kuku."

Nilianza tena. Na tena. Nilimwambia wazungu hawa wanataka kutazamwa machoni, akasema heshima haina wazungu. Nilimwambia nitakosa kazi, akasema aliyelelewa vizuri hakosi. Mama alipita na ungo wake wa mchele akicheka chini chini, na mimi nilitamani kulia kwa hasira, mtu mzima na mvi zangu za kwanza kichwani, nafundishwa kukosa kazi na watu wanaonipenda. Ubaya ni kwamba mafunzo yaliniingia. Mpaka wiki inakwisha, ukiniamsha usingizini ukaniuliza nilichofanya Bukavu, ningeinamisha macho na kukutajia wenzangu wote.

Siku yenyewe nilijifungia chumbani kwangu. Nasema kujifungia, lakini mlango hakuna. Kati ya chumba changu na sebule kuna pazia la kitenge. Intaneti niliivuta kutoka kwa jirani mwenye duka la dawa, ana antena ya satelaiti juu ya bati lake. Niliwaapisha wote wakae uani. Wakaapa. Nikavaa vipokea sauti masikioni, nikawasha kompyuta, wakatokea watu wawili: mama mmoja wa rika langu na mzee mwenye mvi, ambaye ndiye mkubwa wa wahandisi wote.

Maswali ya kuchora niliyajibu vizuri, sasa nilikuwa nachora kwenye skrini, hakuna wa kunipakia udongo. Lakini kila yule mzee aliposema nami, macho yangu yalishuka yenyewe. Nikayapandisha. Akauliza lingine, yakashuka. Niliona anamwandikia mwenzake kitu. Kisha akaniuliza, kwa adabu, kama kuna karatasi ninayosoma pale mezani.

"Hapana, bwana."

"Unaweza kutuzungushia kamera tuone chumba?"

Nikazungusha. Kitanda, sanduku, ndoo, dirisha.

"Na nyuma ya lile pazia?"

"Sebule tu," nikasema. Nikalivuta pazia kwa ujasiri wote.

Walikuwa humo. Viti vya nyumba nzima vimepangwa safu moja kulielekea pazia, na juu ya viti hivyo Mama, amevaa kitenge cha Noeli, Mama mdogo na kitambaa kipya kichwani, Mjomba ndani ya suti yake, kofia magotini, na hata jirani mwenye antena, shati limepigwa pasi. Viatu vyao wamevipanga mlangoni ili visipige kelele. Hakuna aliyekohoa. Walikuwa wamekaa vile tangu mwanzo, wamenyamaza, wananisindikiza.

Niliwaka. Sijui kama niliwahi kuwakasirikia watu namna ile.

"Mjomba! Mliapa!"

"Ulisema chumba isikuwe na mutu," akajibu taratibu. "Sisi tulikuwa mu chumba ingine."

Yule mzee kwenye skrini aliuliza hawa ni nani, na kama wananisaidia majibu. Hapo nilicheka, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka. Nikamwambia ni ukoo wangu, kwamba kwetu mtu hapelekwi peke yake mbele ya wanaomhukumu, na kuhusu majibu, yule mwenye kitambaa kipya anaamini mfumo niliouchora ni nyumba isiyo na chumba cha wageni. Yule mama akatabasamu. Mzee hakutabasamu. Akasema: "Basi tuambie jambo moja lililoharibika kazini, na ulichofanya. Si wenzako. Wewe."

Pazia lilikuwa bado mkononi mwangu. Mjomba anajua Kifaransa kuliko mimi, amekifundisha miaka yote. Alinitazama. Nikafungua mdomo, nikaanza kuwataja wenzangu.

"Wewe," mzee akarudia.

Nikajaribu tena, nikawataja wale wale. Nilikuwa naiona ile meza ya Salamabila, betri upande huu na sabuni upande ule. Na bado sikuweza, Mjomba yuko pale na kofia yake, sikuweza kabisa.

Mjomba, ambaye kwa kunisikia tu alishajua nimeulizwa nini, akasimama.

"Tutoke," aliwaambia wengine. "Mutoto hawezi kujisifu mbele yetu. Tutoke, aseme."

Wakatoka, kila mtu na kiti chake. Kiti cha Mjomba kiligonga mlango, Mama mdogo akarudi kuchukua viatu vya watu wote, na wale wawili kwenye skrini walisubiri mpaka msafara ukaisha. Nikaketi. Nikainua macho.

Nikasema. Kwamba vituo vya afya vilianza kuletewa dawa maradufu, na viongozi wakadhani wauguzi wanaiba. Kwamba mimi, peke yangu, nilikataa kuamini hivyo. Nilipanda pikipiki nikakaa kwenye kituo kimoja kijijini, nikaona mtandao unakatika baada ya agizo kufika, lakini kabla simu haijajibiwa, na simu, isiposikia jibu, inatuma tena. Mimi ndiye niliyeweka kwenye kila agizo alama yake, ili likifika mara mbili lihesabiwe mara moja. Na ni mimi niliyesimama mbele ya wakubwa nikasema wauguzi hawana kosa. Nilisema mpaka sauti ikapanda, na macho yangu hayakushuka hata kidogo.

Nilipotoka uani walikuwa wanaongelea bei ya chumvi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Dirisha langu halina kioo, na viti vyao vyote vilikuwa chini yake.

Jioni Mjomba alienda barabarani na suti yake. Nikamsikia anamsimamisha mpita njia: mpwa wake ndiye aliyewaokoa wauguzi wa nchi nzima, yeye mwenyewe, peke yake, kwa pikipiki, mvua inanyesha. Mvua sikuitaja. Kesho yake alihamia sokoni. Nilimsihi anyamaze, jibu bado, nitaiweka wapi sura yangu wakinikataa?

"Jibu gani tena?" akasema. "Tumesikia."

Alikataa kurudi Kabambare. Akala mchele wa Mama, akapokea pongezi zangu kwa niaba yangu, na mimi nikawa napita njia za nyuma kama mdaiwa.

Jibu lilikuja mchana mmoja, nikiwa nafua. Nilisoma nikiwa na sabuni mpaka viwikoni. Wamenichukua, kwa cheo kile kile nilichoomba. Nikakimbia uani na simu.

"Mama! Nimepata kazi!"

Mama aliendelea kupepeta mchele. "Tulishajua," akasema. Mama mdogo akaniuliza kama sasa nitajenga, na kama nitakumbuka wageni. Jirani mwenye antena akanipungia mkono juu ya ua, akasema alishanipongeza tangu wiki iliyopita. Watu gani hawa! Nimehangaika miezi, nimekonda, nimelala na hofu ya Salamabila, na siku furaha inafika hakuna hata mmoja aliyebakiza kelele za kunipigia.

Nikaingia chumbani, nikavuta pazia mpaka mwisho. Nikasimama katikati ya chumba, mikono bado ina povu, nikapiga ukelele: "Mimi! Nimepata! Mimi!"

Upande wa pili wa kitenge, kiti kikatoa mlio.

"Punguza sauti, mutoto," Mjomba akasema. "Uko unajisifu."